Muulize Fundi: Barua Pepe Imeikataa Faili Yangu

Mfuko wa barua wa mwezi huu umejaa lalamiko moja. Mtu anaambatisha faili, anabofya kutuma, kisha anaambiwa imezuiwa kwa sababu za kiusalama. Wengine mmekasirika, na hasira yenu naielewa. Nimechagua barua sita. Ya mwisho nilimjibu mwenyewe siku ile ile ilipofika, maana haikuwa ya kungoja gazeti litoke. Nimetunza seva za barua pepe, yaani kompyuta zinazopokea na kupitisha barua, tangu mwaka 1998, na katika suala hili yapo mambo ambayo bado yananiuma, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha mahali.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, mwaka wa pili. Nimetengeneza programu ndogo ya kupanga ratiba ya vipindi kwa ajili ya mwalimu wangu wa zamani, ambaye mpaka leo anapanga kwa mkono na kukesha. Gmail imeikataa kwa sababu ni .exe. Nikabadilisha jina iwe ratiba.txt, bado. Nikaitia kwenye zip, bado. Programu nimeiandika mwenyewe mstari kwa mstari na haina kirusi. Kwa nini nifanywe kama mwizi? — Mwenye Ratiba*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumkumbuka mwalimu wako. Hakuna aliyekuita mwizi. Seva haikujui, wala haina njia ya kukujua. Inachokijua ni kwamba faili ya aina hiyo ikiwa mbaya, madhara yake hayana mpaka, basi inaona heri ikuudhi wewe kuliko kubahatisha.

Faili tunazotumiana ziko za kusomwa na ziko za kutenda. Picha, wimbo au maandishi matupu ni kama barua uliyoiweka mezani: itakaa hapo hapo mpaka uichukue. Programu ni mgeni. Ukimfungulia mlango anaingia kwa miguu yake, na humo ndani anatembea kwa ruhusa yako wewe uliyemfungulia. Unapofika mkono wako, na wake unafika. Anaweza kusoma faili zako, kuzifuta, kuzituma kwingine, na kuwaandikia rafiki zako kwa jina lako.

Ukiijua tofauti hiyo, ile orodha ya mikia ya majina inayokataliwa, zile herufi za baada ya nukta ya mwisho, haitakushangaza, kwani yote ni ukoo mmoja. .exe na .msi ni programu na visakinishi vya Windows. .bat na .cmd ni amri zilizopangwa foleni. .vbs, .js na .ps1 ni skripti, yaani amri zilizoandikwa ili kompyuta izitekeleze; hizo za .js Gmail ilianza kuzizuia tarehe 13 Februari 2017. .jar ni ya programu za lugha ya Java. .scr ni ile inayopamba skrini kompyuta ikiwa imepumzika, na watu wengi hawajui kwamba kwa ndani ni programu kamili. .lnk ni njia ya mkato, lakini inaweza kubeba amri ndefu tumboni. Hata .com imo. Januari 2002 kilizuka kirusi cha Myparty, na kiambatisho chake kiliitwa www.myparty.yahoo.com. Watu wakadhani ni anwani ya tovuti yenye picha za sherehe, wakabofya. Ile .com ya mwisho ilikuwa mkia wa faili ya programu, aina ya zamani kabisa.

Nikueleze siku iliyonifundisha. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 4 Mei 2000. Nilikuwa nasimamia barua za ofisi moja ya wastani. Palikuwa na mama mmoja wa idara ya hesabu, aliyefiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Asubuhi ile alipata barua kutoka kwa mfanyakazi mwenzake waliyezoeana miaka mingi. Kichwa chake kilikuwa ILOVEYOU, na ndani mstari mmoja wa kumwomba aisome barua ya mapenzi iliyoambatishwa. Akaifungua.

Jina kamili la kiambatisho kile lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Liangalie vizuri. Lina mikia miwili, na kinachoamua faili ni ya aina gani ni ule wa mwisho. Lakini Windows, kama inavyokuja bila kuguswa, huuficha mkia wa mwisho inapoufahamu. Kwa hiyo jina lililofika machoni pake liliishia kwenye TXT, na TXT ni maandishi matupu. Alitazama jina kabla ya kubofya, kama tulivyowafundisha wafanyakazi wote. Niliyemfundisha ni mimi.

Skripti ile ilijituma kwa kila anwani iliyokuwemo kwenye kitabu chake cha Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft. Kisha ikazipitia faili zake. Kila picha ya .jpg iliandikwa juu yake nakala ya kirusi, ikaongezwa .vbs mwishoni mwa jina. Mama yule alikuwa amezipitisha kwenye skana picha za marehemu mumewe akazihifadhi mle. Baadhi tulizipata tena kwa kuziskani upya. Nyingine, ambazo za karatasi hazikuwapo tena, zilipotea. Siku hiyo hiyo Bunge la Uingereza lilizima mfumo wake wa barua pepe, na kila aliyetunza seva alikuwa anakimbizana na jambo lile lile. Kirusi kilitoka Ufilipino, na nchi hiyo wakati ule haikuwa na sheria ya kumtia hatiani mtu kwa kosa la namna hiyo. Mwezi uliofuata Microsoft ikatoa marekebisho ya Outlook ya kuzuia faili za aina hiyo zisifunguliwe kabisa. Maandishi uliyoyaona kwenye skrini yako yana asili yake huko.

Sasa, kwa nini kubadilisha jina hakukusaidia? Chukua programu yako, ifungue kwa Notepad. Utaona vurugu ya alama, lakini herufi mbili za mwanzo kabisa zitakuwa MZ. Ni herufi za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft wa enzi za MS-DOS, mfumo uliotangulia Windows, na kila .exe ya Windows inaanza nazo mpaka leo. Zip, faili inayofungasha faili nyingine ndani yake, inaanza na PK, za Phil Katz aliyeibuni. PDF inaanza na %PDF. Jina la faili ni lebo iliyobandikwa juu ya chupa, unaweza kuibandua ukabandika nyingine. Herufi hizo ni harufu ya kilichomo. Seva nyingi siku hizi zinanusa. Zip nayo imebeba orodha ya majina ya vilivyomo ndani yake, na seva inaisoma orodha hiyo, tena huifungua zip yenyewe ikachungulia.

Usiendelee kupambana nayo. Weka programu kwenye hifadhi ya mtandaoni, mpe ruhusa mwalimu wako peke yake, kisha mpigie simu umwambie umeiweka na uko tayari kumsaidia kuisakinisha. Ukipenda kuwa makini zaidi, mkokotolee alama ya SHA-256 ya faili yako, mfululizo wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikiguswa, umsomee herufi za mwanzo na za mwisho kwa simu alinganishe na aliyoipakua. Zikilingana, hakuna aliyeigusa njiani. Sauti yako kwenye simu inafanya kazi ambayo seva haiwezi kuifanya: mwalimu anakujua.

*Fundi, salaam. Mimi ni katibu muhtasi. Faili zikikataliwa huwa nazitia kwenye zip yenye nenosiri, na nenosiri naliandika ndani ya barua hiyo hiyo. Mara nyingine zinapita, mara nyingine hazipiti. Kwani nenosiri si ndilo usalama wenyewe? — Katibu*

Wa alaykum salaam, dada. Nitakujibu bila kuzunguka, kwa sababu jambo hili naliona kila mahali na linaniumiza kuliko yote katika safu hii.

Zip yenye nenosiri ni sanduku lililofungwa mbele ya mkaguzi asiye na ufunguo. Hawezi kuona kilichomo. Seva nyingine zinaamua kuipitisha, nyingine zinaikataa, nyingine zinaipitisha na kumwonya anayepokea. Ndiyo maana wewe unaona mara hivi, mara vile. Na ukiandika nenosiri kwenye barua ile ile, hujamficha mtu chochote: atakayeiiba barua ameiba na ufunguo. Uliyemzuia ni mkaguzi peke yake.

Wahalifu waliligundua hilo zamani. Mwaka 2004 kirusi cha Bagle kilikuja ndani ya zip yenye nenosiri, na nenosiri liliandikwa kwenye barua, kama unavyofanya wewe. Watengenezaji wa programu za kuzuia virusi wakazifundisha programu zao kusoma nenosiri hilo ndani ya barua na kufungua zip. Bagle ikajibu kwa kuligeuza nenosiri kuwa picha, ili jicho la binadamu lisome na kompyuta ishindwe. Fikiria mtu anavyohangaika hivyo ili tu faili isikaguliwe.

Kisha ikaja Emotet, programu nyingine ya wahalifu. Hii ilianza kuonekana mwaka 2014, polisi wa nchi kadhaa wakishirikiana na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, wakaivunja mitambo yake Januari 2021, na Novemba mwaka huo huo ikarudi. Ilikuwa inaiba mazungumzo ya kweli kutoka kwenye kikasha cha mtu, halafu inayajibu. Katika ofisi moja niliyoisaidia, afisa ununuzi alipata jibu la barua yake mwenyewe. Chini yalikuwapo maneno aliyoyaandika wiki mbili kabla, na jina la mtu aliyekuwa akiwasiliana naye kweli. Juu pameongezwa mistari miwili: tafadhali angalia hati iliyoambatishwa, nenosiri ni hili. Zip ikapita ukaguzi kwa sababu haikuweza kufunguliwa. Akaandika nenosiri, akafungua. Nilipomuuliza kama hakuona ajabu, alinijibu kwa unyoofu kabisa: "Lakini ndivyo tunavyotumiana siku zote hapa." Kikulacho ki nguoni mwako.

Nakuomba uliangalie hapo, dada. Barua yako haina kirusi, najua. Lakini kila unapotuma zip yenye nenosiri na ufunguo wake pamoja, unamzoeza anayepokea kwamba hayo ni mambo ya kawaida. Unamzoeza hatua zile zile ambazo mwizi anazitaka: pokea zip, nakili nenosiri, fungua, usishangae. Siku mwizi atakapokuja, atamkuta mtu aliyekwisha kufundishwa, na mwalimu wake ni wewe, mtu anayemwamini.

Nyaraka za siri ziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni ya ofisi kwa ruhusa ya majina ya watu. Ikibidi zip, basi nenosiri lipite njia nyingine, kwa simu au kwa ujumbe mfupi, na mjulishe mwenzako kabla hujatuma.

*Fundi, habari za kazi. Nilituma hati ya Word ya mahesabu, ikazuiwa. Word si ya kusomwa? — Mhifadhi Nyaraka*

Nzuri, ndugu yangu. Ingekuwa ya kusomwa tu kama isingekuwa na makro. Makro ni programu ndogo inayoishi ndani ya hati, ili ikufanyie kazi za kurudiarudia. Angalia mkia wa faili yako. Nina hakika ni .docm au .xlsm, au .doc ya zamani ambayo inaweza kubeba makro bila jina lake kuonyesha. Hati ya .docx haibebi makro.

Hofu hii nayo ina umri. Tarehe 26 Machi 1999 ilisambaa Melissa, makro ndani ya hati ya Word. Kila ilipofunguliwa ilijituma kwa anwani 50 za kwanza za kitabu cha Outlook. Piga hesabu: 50, halafu 2,500, halafu 125,000. Haikuhitaji hata kufuta kitu. Wingi wa barua peke yake ulitosha kuziangusha seva.

Miaka zaidi ya ishirini makro ziliendelea kutumika vibaya, mpaka mwaka 2022 Microsoft ilipoamua kwamba makro zilizomo kwenye hati zilizotoka kwenye intaneti zizuiwe bila kumuuliza mtumiaji. Unafikiri wahalifu walistaafu? Walihamia kwenye faili za .iso, ambazo hubeba nakala ya diski nzima. Windows huibandika faili iliyotoka kwenye intaneti alama ndogo isiyoonekana, ya kukumbusha ilikotoka, na onyo unaloliona kabla ya kufungua linategemea alama hiyo. Faili zilizokuwa ndani ya .iso hazikuwa zinaipata. Microsoft ikaliziba tundu hilo Novemba 2022. Mwanzoni mwa 2023 wakahamia kwenye .one, faili za OneNote, programu ya daftari ya Microsoft, ambazo karibu hakuna aliyewahi kuziogopa. Nazo zikaingia kwenye orodha za kuzuiwa. Mtu akiniuliza kwa nini orodha inarefuka kila mwaka, humwambia aifuate safari hiyo.

Wewe hifadhi hati yako kama .docx au .xlsx, au PDF kama mwenzako anasoma tu, uitume.

*Picha zangu za harusi nazo zimekataliwa. Picha pia ni hatari? — Bi Harusi*

Hongera, mwanangu, na hapana, huko ni uzito tu. Gmail inakubali viambatisho vya MB 25 kwa jumla. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi na si kingine. Viambatisho tunavyovijua vilikuja mwaka 1992 kwa utaratibu wa MIME. Tarehe 11 Machi mwaka huo Nathaniel Borenstein, mmoja wa walioubuni, aliwatumia watu picha ya kundi lake la waimbaji wanne pamoja na sauti zao. Ili picha ipite kwenye bomba la maandishi hugeuzwa kuwa herufi, baiti tatu zikawa herufi nne. Kwa hiyo picha za MB 20 zinasafiri na uzito wa karibu MB 27, na seva ya anayepokea inaweza kuzikataa hata kama yako imezikubali. Ziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni, utume linki.

*Ndugu Fundi, mimi ni mtu mzima na nina uangalifu. Nimeshawasha mikia ya majina ionekane, na sibofyi ovyo. Kwa nini nisiulizwe tu "una hakika?" nikachagua mwenyewe? — Msomaji wa Siku Nyingi*

Ndugu yangu, kuwasha mikia ni jambo jema, na kila anayesoma hapa alifanye leo: kwenye Windows 11 fungua kidirisha cha mafaili, nenda kwenye menyu ya kutazama, chagua kuonyesha, kisha weka tiki kwenye mikia ya majina ya faili. Lakini usiliegemee jicho lako peke yake. Tazama hapa.

Katika seti ya herufi ya Unicode ipo alama isiyoonekana yenye namba U+202E. Ipo kwa haki kabisa, kwa ajili ya lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kila kinachoandikwa baada yake huonyeshwa kinyumenyume. Sasa mtu anaiita faili yake hesabu, anachomeka alama hiyo, kisha anaandika fdp.exe. Kwenye skrini yako utasoma hesabuexe.pdf. Kompyuta inajua ni .exe. Jicho lako, na mikia umeiwasha, linaapa ni PDF. Seva haisomi kwa jicho, inasoma herufi zenyewe kwa mpangilio wake halisi, kwa hiyo hainaswi hapo.

Halafu swali la "una hakika?" tulilijaribu miaka mingi. Makro zilikuwa na swali hilo hilo, na watu walibofya ndiyo, kwa sababu hati yenyewe iliwaambia wabofye: ilikuwa na picha kubwa inayosema ruhusu ili uone maandishi. Swali humuuliza mtu wakati ambapo mdanganyifu ameshamaliza kuzungumza naye. Na kompyuta yako haiko kisiwani. Ukikosea, mgeni uliyemfungulia anatembea mpaka kwenye folda mnazochangia na wenzako, ambao hawakuulizwa chochote.

*Shikamoo Fundi. Naomba jina langu lisitoke. Nilipata barua yenye zip, imeandikwa ni ankara. Nikaamini kwamba kwa kuwa imepita ukaguzi basi ni salama. Ndani palikuwa na faili moja yenye alama kama ya hati. Nikabofya mara mbili, dirisha jeusi likatokea na kutoweka kama kupepesa jicho. Hakuna kilichofunguka. Leo ni siku ya tatu na kompyuta inafanya kazi vizuri. Sijamwambia mtu. Nilipata ajira hii mwaka huu na naogopa.*

Jibu nililompelekea ni hili, na ameniruhusu nilichapishe.

Marahaba, mwanangu. Kwanza vuta pumzi. Kisha chomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta hiyo, au zima Wi-Fi yake. Usiizime kompyuta yenyewe, kwa sababu kumbukumbu yake ya sasa ina alama ambazo atakayechunguza atazihitaji, na zinapotea umeme ukikatika.

Lile dirisha jeusi ni amri iliyokuwa inatekelezwa. Faili uliyoibofya bila shaka ilikuwa .lnk iliyovalishwa sura ya hati. Kompyuta kuendelea vizuri hakunipi faraja, maana anayeingia kuiba hataki umwone. Ukaguzi wa barua unazuia mengi mno, nami huutetea siku zote, lakini unazuia kile unachokitambua. Kitu kilichotengenezwa jana usiku kinaweza kupita leo asubuhi.

Tumia simu yako au kompyuta nyingine, siyo hiyo, kubadilisha nenosiri la barua pepe, na uchague kutoka kwenye vifaa vyote. Kisha ingia kwenye mipangilio ya barua yako utafute sehemu ya kuelekeza barua kwingine na ya vichujio. Wavamizi hupenda kuacha kanuni ndogo pale, ya kuwapelekea nakala ya kila barua, nayo inabaki ikifanya kazi hata baada ya nenosiri kubadilika. Ukiona anwani usiyoijua, ipige picha kabla ya kuifuta.

Halafu nenda kwa msimamizi wa kompyuta zenu, leo, sasa. Kuna kijana nilifanya naye kazi aliyeficha jambo kama hili wiki nzima. Alikuwa mtu mwadilifu, alikuwa anaogopa tu, kama wewe. Mwisho wa juma wavamizi walizifunga faili za ofisi yote na kudai kikombozi, na walikuwa wameshaziharibu hifadhi za akiba katika siku zile saba alizonyamaza. Angesema siku ya kwanza, tungeiondoa kompyuta moja tukaendelea na kazi. Mficha maradhi kifo humfichua, nami sitaki ufike huko. Ukifika usianze kwa kujitetea. Mwambie tarehe na saa uliyobofya, na umwonyeshe ile barua bila kuifuta. Hiyo saa ndiyo atakayoitafuta kwanza kwenye kumbukumbu za seva, na itamwokolea kazi ya siku nzima.

Mimi nimetunza seva miaka yote hii, na sijawahi kumkasirikia mtu aliyekuja kuniambia mapema. Niandikie ukishatoka kwake.

Aliandika saa kumi na moja jioni. Kompyuta yake imechukuliwa, amepewa nyingine, na kwenye kikasha chake walikuta kanuni moja ya kuelekeza barua kwingine, iliyowekwa dakika arobaini baada ya lile dirisha jeusi.